Usingizi wa Kobe

Teksi ilikuwa imeshaiacha hoteli nyuma, imeshapita viwanda vya matofali, na abiria wake alikuwa ameshavua tai na kuikunja mfukoni, pale kizuizi cha reli kiliposhuka. Treni ya mizigo haina haraka ya mtu. Yalipita mabehewa ya saruji, yakafuata ya mafuta, kisha treni yenyewe ikaamua kusimama, mkia wake umeziba barabara. Dereva akazima injini. Ndipo Sajini wa polisi alipogonga kioo cha nyuma kwa pete yake.

Abiria akashusha kioo. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, nywele zimenyolewa chini kabisa, na mapajani alipakata begi dogo kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Watu wote wa sataranji walimwita Wembe. Tangu jana jioni yeye ndiye aliyekuwa bingwa.

Sajini akamwambia kwamba Inspekta anamsalimu, na anaomba arudi hotelini kwa maswali mawili matatu. Wembe akauliza kama amekamatwa. Sajini akasema hapana, amealikwa tu.

"Na nikiukataa mwaliko?"

"Basi umekamatwa, kaka."

Wembe akacheka kidogo, akafungua mlango. Inspekta alikuwa amekaa kwenye gari la nyuma, mama wa makamo aliyevaa raba kwa sababu ya nyayo zinazomsumbua, na wakati wote wa kurudi hakumuuliza chochote. Alimpa karanga.

Mambo yalikuwa hivi. Magwiji wawili walikuwa wamecheza wiki tatu katika ukumbi wa hoteli ile, wakafika mchezo wa mwisho wakiwa sawasawa. Upande mmoja Wembe. Upande wa pili Kobe, mzee wa miaka sitini, mwenye taji, ambaye jina hilo alipewa kwa sababu anaweza kuitazama kete moja mpaka mtazamaji akasinzia. Safari hii aliyesinzia ni yeye. Katikati ya mchezo, zamu ikiwa yake, kidevu kilishuka kifuani na hakikupanda tena. Watu mia mbili waliokuwa ukumbini walidhani anafikiri. Waliogundua kwamba amelala hawakuweza kufanya kitu, kwa kuwa sheria ya sataranji ni kali: mchezaji ambaye saa yake ya kuhesabu muda inakimbia hasemeshwi wala haguswi, asije akasaidiwa. Mwamuzi mwenyewe alisimama pembeni ameshika mikono nyuma, akiitazama ile saa ikimalizika. Ilipokwisha alitangaza ushindi wa Wembe, halafu ndipo akamgusa mzee bega. Hakuamka. Hospitali wakamkuta na dawa ya usingizi katika damu, tena nyingi.

Kamati ya mashindano iliiahirisha sherehe. Ingekutana jioni hii, na imekwisha kusema wazi: polisi wakimtaja Wembe kuwa mshukiwa, ananyang'anywa taji na anafungiwa maisha. Mkuu wa kituo naye alishapiga simu mara kadhaa. Alitaka mshukiwa, na kwa maoni yake mshukiwa alikuwa tayari ana tiketi ya ndege mfukoni, kilichobaki ni kumwandika tu.

Walikaa kwenye chumba cha kuhifadhia viti, nyuma ya ukumbi. Inspekta alivuta viti viwili kutoka kwenye rundo, akaketi kimoja.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Sikukimbia. Niliondoka."

"Kabla ya kuvishwa taji?"

"Miaka ishirini nimemtafuta yule mzee," Wembe akasema. "Nimempata amelala. Ungekuwa wewe, Inspekta, ungekaa kungoja makofi?"

Inspekta akamuuliza kwa nini basi hakupaza sauti alipoona mwenzake amelala. Wembe akajibu kwamba hakuona mtu aliyelala. Aliona Kobe anayejifanya amelala, kwa maana mzee yule ana vitimbi vingi. Mwaka mmoja alikohoa mchezo mzima, na walipomaliza tu kikohozi kikapona. Alipojua kwamba ni kweli, saa ilikuwa imebakiza dakika chache, na ulimi wake ukawa mzito. Hilo alilisema akiangalia begi lake.

"Ulikuwa unamwonea wivu?"

"Kila siku niliyoamka." Hakusita. "Ana taji. Ana mke. Chai yake inatoka mkononi mwa mkewe, kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa. Mimi nakunywa kahawa ya hoteli. Lakini mtu hamlazi usingizi yule anayemwonea wivu, Inspekta. Unataka awe macho, akuone unavyomshinda. Wivu bila shahidi una faida gani?"

Sajini aliyekuwa mlangoni alinong'ona kwamba huyu angefaa kuwa wakili. Inspekta akauliza alikunywa nini siku hiyo. Kahawa, kikombe kimoja, bila sukari. Alikimaliza? Alikimaliza. Baada ya hapo akamwacha chini ya ulinzi wa askari mmoja, na kumwomba asiguse viti, maana lile rundo lilikuwa limeegemea ukuta kwa imani tu.

Shida ya Inspekta ilikuwa hii: chai. Ilijulikana kwamba Kobe hanywi kitu mezani isipokuwa chai ya mkewe. Kikombe chake kilikutwa mezani kikiwa nusu, na chupa ikiwa na chai, na vyote viwili vilipelekwa maabara vikiwa havijaoshwa. Maabara walikuwa wamejibu asubuhi. Safi. Chai, maziwa, tangawizi, basi. Kikombe cha Wembe kilikuwa kimeondolewa mapema na kuoshwa, kwa kuwa kilikuwa kitupu, na mhudumu kazi yake ni kuondoa vikombe vitupu.

"Labda alijidunga mwenyewe," Sajini akasema. "Akaona anashindwa, akaona heri alale."

"Alikuwa anashinda. Mwamuzi kasema."

"Basi mimi mchezo huu siuelewi, Afande. Ni drafti iliyopelekwa shule, ikarudi na maringo."

Lakini Sajini ndiye aliyekuja na samaki mkubwa kabla ya saa sita. Alikuwa amepekua vyumba. Katika mkoba wa mwalimu wa Wembe, chini ya soksi, alikuta kipakiti cha plastiki chenye vidonge. Daktari wa hospitali akathibitisha kwa simu: dawa ni ileile.

Mwalimu huyu walimwita Mnoaji, kwa kuwa ananoa wembe. Utani huo ulikuwa umemchosha zamani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho mekundu. Na alikuwa na historia. Kabla ya kuhamia kwa Wembe alimwandalia Kobe mipango ya michezo kwa miaka kumi, akala mezani kwake, akalala sebuleni kwake. Siku moja Kobe alihojiwa gazetini kuhusu shambulio lake maarufu la askari wa pembeni, akasema alilibuni mwenyewe bafuni. Mnoaji, aliyekesha miezi minne akilibuni, alisoma gazeti lile, akafunga mkoba wake.

"Vidonge vimetoka wapi?" Inspekta akauliza.

"Nimepewa na mtu. Silali vizuri nikiwa safarini."

"Mtu gani?"

"Mtu wa heshima. Kanipa kwa wema, siwezi kumrudishia wema kwa kumtaja polisi."

Hakutoa zaidi ya hapo. Walimzungusha, wakambembeleza, Sajini akamtisha kidogo kwa sauti ya kiaskari. Akabaki vilevile, anaona aibu lakini hatikisiki. Sajini alikuwa tayari kufunga jalada. Mtu ana kinyongo, ana dawa, na anafaidika mchezaji wake akishinda. Unataka nini tena, kibao shingoni? Inspekta akamuuliza dawa hiyo iliingiaje tumboni mwa mzee ikiwa chai ilikuwa safi. Sajini akasema hilo watalijua mbele ya safari. Inspekta akasema safari yenyewe ndiyo hiyo, achukue gari.

Njiani alimsimamisha kwenye duka la vifaa vya shule, akanunua sataranji ndogo ya kukunja, ya sumaku.

Hospitalini, kwenye veranda ya wodi, mke wa Kobe alikuwa anakunja koti la mumewe. Alilikunja, likakataa kukaa sawa, akalikunjua, akalikunja tena. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kushika shingo wima, na kando yake palikuwa na kikapu chenye nyuzi na sindano za kufumia.

"Nasikia mmemrudisha mke mwenza wangu," akasema kabla hajasalimiwa.

Inspekta akamuuliza ana mke mwenza gani.

"Huyo Wembe. Mwanamke mwingine ningejua la kumfanya, dada yangu. Ningemfuata kwake, tungevutana nywele, majirani wangeamua. Huyu ananiita shemeji. Akisafiri ananiletea zawadi. Nitamshika wapi?"

Alilisema kama mzaha, na muuguzi aliyekuwa akipita alicheka. Mengine aliyaeleza bila kuulizwa sana. Mumewe akiamka, neno la kwanza ni Wembe kacheza wapi. Akila, anapanga vijiko na chumvi kama kete. Binti yao alipozaliwa alifika wodini na ubao kwapani. Usingizini hamtaji mkewe, anamtaja yule. Aliwahi kumuahidi kwamba siku atakayomshinda Wembe katika mchezo wa taji anaacha, wanahamia kwenye shamba la marehemu baba yake, basi. Mara mbili walitoka sare, na sare haihesabiki. Yeye hajawahi kuingia ukumbini kuwatazama hata siku moja. Hupeleka chupa kwenye chumba cha vinywaji, kisha hukaa ukumbi wa nje akifuma mpaka mchezo uishe.

"Kwa nini huwatazami?"

"Wanavyotazamana wale wawili," akasema, "mimi sina nafasi ya kusimama."

Inspekta akauliza kuhusu dawa. Mumewe hamezi hata ya kichwa, alisema. Na yeye mwenyewe? Yeye akigusa mto amekwenda, tangu utotoni. Halafu akachukua kikapu, akasema anakwenda hotelini kumletea mzee nguo safi, na kwamba ameacha chai yake kwenye kimeza, wamkumbushe anywe.

Kobe alikuwa ameegemea mito, sindano ya dripu mkononi, ndevu nyeupe hazijachanwa. Aliwapokea vizuri. Kilichomuuma hakikuwa kichwa. Kilimuuma kile alichokiacha ubaoni. Inspekta akamwekea sataranji ya duka la shule juu ya meza ya magurudumu, akavuta kiti cha wageni upande wa pili, akaketi, akaweka kando yake kikombe cha chai alichokinunua kantini.

"Mzee, nionyeshe kitu cha mwisho unachokikumbuka."

Vidole vya mzee viliiacha shuka. Alipanga kete haraka kuliko mtu anavyotandika meza. Farasi hapa, ngome pale, mfalme wa Wembe kajibanza pembeni na askari wake watatu. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba hapa Wembe aliinuka, akaenda kunawa uso. Huenda kunawa uso akiwa na hofu, ni tabia yake, kama mtu mwingine anavyouma kucha. Kobe akautazama mpangilio wa kete. Wakamwacha afikiri.

Kisha akateremka kitandani. Sajini alitaka kumzuia, Inspekta akamwonyesha kiganja. Mzee alikishika kile chuma cha dripu, akakikokota kuizunguka meza, magurudumu yakilia, mpaka akafika alipoketi Inspekta.

"Nisogezee kidogo, mama," akasema, wala hakumtazama.

Inspekta akainuka. Kobe akaketi kwenye kiti chake, akaegemeza viwiko, akaanza kuutazama ubao kutoka upande ule. Midomo ilikuwa ikicheza. Mkono wa kulia ukatoka, ukapapasa, ukakikuta kikombe cha Inspekta, ukakipeleka mdomoni. Akanywa. Akafikiri, akanywa tena. Alikirudisha mezani kikiwa kitupu.

Sajini akatoa daftari.

"Mzee," Inspekta akasema taratibu, "hiyo chai ilikuwa ya nani?"

Kobe akakitazama kikombe. "Si yangu?"

"Yako ile pale, kwenye kimeza. Hujaigusa. Kwa nini umekuja upande huu?"

"Kuona anachokiona yeye." Alijibu kama anayefundisha darasa la kwanza. "Mtu ukikaa kwako unaona unachokitaka. Ukikaa kwake unaona anachokitaka. Mimi hukaa kwake kila anapotoka. Ye hukasirika, lakini hasemi."

Ndani ya gari Inspekta alimpigia simu mwamuzi. Mwamuzi akakubali bila wasiwasi: ndiyo, Kobe aliketi kwenye kiti cha Wembe wakati Wembe ametoka. Huketi kila mchezo, miaka yote. Sheria inakataza kugusa kete za mwenzako, haisemi chochote kuhusu kiti. Inspekta akauliza kwa nini katika maelezo yake yote ya jana hakulitaja.

"Hukuuliza, Bi Inspekta. Ungetaka nikuandikie pia kwamba alikuwa anapumua?"

Alipomuuliza kama mzee alikunywa chochote pale, mwamuzi akasema yeye hutazama mikono ikiwa karibu na kete tu.

Wembe alikuwa bado kwenye chumba cha viti, amekaa palepale. Inspekta hakukaa.

"Kahawa yako ya jana. Uliiona ikiingia mdomoni mwako?"

Wembe alikunja uso. Akasema alipotoka kunawa uso alikuwa ameinywa funda moja, pengine mawili, na ilikuwa chungu kuliko siku zote. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu, akajua ameimaliza.

"Ulijua au ulidhani?"

"Inspekta, mtu ukiwa ndani ya mchezo ule husahau hata jina la mama yako. Kikombe changu, kitupu. Nani mwingine angekinywa?" Halafu akaelewa. Alilibana begi kifuani. "Basi ile dawa ilikuwa yangu," akasema.

Usiku ule, aliongeza baadaye, alilala na viatu mpaka jua likatoka, akadhani ni uchovu wa wiki tatu.

Sasa mshukiwa aligeuka kuwa mlengwa, na mwenye kinyongo akageuka kuwa mtu asiye na sababu: Mnoaji angemlaza vipi mchezaji wake mwenyewe? Inspekta alimwendea na habari hiyo kama ilivyo. Akamwambia kwamba dawa iliwekwa kwenye kikombe cha Wembe, kwamba vidonge kama hivyo vipo kwake na kwa huyo aliyempa, na kwamba yeye hakuviweka. Hesabu iliyobaki ni ndogo. Mnoaji akafunika macho yake mekundu kwa viganja.

"Shemeji," akasema. "Mke wa Kobe. Alinikuta koridoni alfajiri, wiki ya kwanza, akaniuliza kwa nini silali. Akanipa robo ya vyake. Yule mama hajalala vizuri tangu mimi nakaa kwao. Taa ya ubao ilikuwa haizimwi."

Mhudumu wa chumba cha vinywaji hakuwa na mengi. Ndiyo, mama wa chupa ya chai alikuja jana kama kila siku. Trei ilikuwa tayari, kahawa imeshamiminwa. Mama akamtuma kijiko. Alipoleta kijiko, mama akasema hakihitaji tena, akaenda kukaa na ufumaji wake.

Hakimu hamfungi mtu kwa kijiko. Kikombe kilishaoshwa, na vidonge si kosa. Inspekta alipanda ngazi kwenda ghorofa ya pili akijua hivyo, na Sajini nyuma yake akijua hivyo, na jioni ya kamati ilikuwa inasogea. Bila neno la mwanamke yule, jina la Wembe lingebaki palepale lilipo.

Mlango ulikuwa wazi. Mke wa Kobe alikuwa anapanga shati na sweta kitandani. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na ubao wa mbao wenye kete zilizosimama, na nguo zote zilipangwa kwa kuukwepa. Inspekta akaketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa, akampongeza kwa sweta. Akamwambia mzee anaendelea vizuri, ameshuka kitandani, amecheza.

"Najua atacheza. Akifa atacheza."

"Ametuonyesha anavyofanya. Wembe akitoka, yeye hukaa kwenye kiti chake."

Sweta ikatulia mikononi. "Kiti cha nani?"

"Cha Wembe. Kila mchezo, mwamuzi kasema. Miaka yote. Hukaa pale, akatazama kwa macho ya mwenzake."

Mwanamke aliiweka sweta. Alilishika shati, akaanza kulikunja, mikono yake haikulimaliza.

"Tena hukaa muda mrefu?"

"Jana alikaa mpaka kahawa ya Wembe ikaisha."

"Ikaisha vipi?"

"Aliinywa, mama. Kikombe kilekile. Wembe alikuwa ameshainywa funda, mzee akamalizia."

Sajini, ambaye baadaye aliulizwa mahakamani kuhusu dakika hiyo, alisema hakumwona akishtuka wala kulia. Alisema alimwona akikasirika.

"Nyumbani hanywi kikombe nilichokionja," mke wa Kobe akasema. "Miaka thelathini. Akiona alama ya mdomo wangu anakisukuma, anaomba kingine. Nikionja mchuzi wake, anabadilisha bakuli. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, nikamstahi. Kumbe anachagua." Alilitupa shati kitandani. "Mimi nikanyunyiza dawa kwenye kile kikombe ili mke mwenza alale, wangu ashinde, arudi kwangu. Naye akaenda akakinywa. Sasa niambie, dada yangu, kati yangu na yule ni nani mke?"

Inspekta alimwacha amalize. Kisha akamsomea haki zake, na kumuuliza kama angependa kuyarudia hayo mbele ya karani kituoni. Akasema angeyarudia mbele ya yeyote, mradi mumewe asiwepo. Alisimama, akajifunga mtandio. Pale mlangoni alirudi hatua moja, akaupangusa ule ubao kwa mkono mmoja, kete zote zikaanguka chini ya kitanda, na akatoka mbele ya Sajini.

Kamati ilipata taarifa kwa simu kabla haijaketi. Jina la Wembe liliondolewa. Mchezo wa mwisho ulifutwa, ikaamriwa urudiwe baada ya miezi miwili. Kobe aliandika kwamba hataurudia, hakutoa sababu. Taji likaenda kwa Wembe bila kuchezwa. Alikaa nalo miaka miwili, akanyang'anywa na msichana wa miaka kumi na tisa katika michezo saba, na Wembe sasa anatangaza mashindano redioni.

Mnoaji alimwacha Wembe mwaka uleule. Anafundisha sataranji kwenye shule mbili za sekondari na lile shambulio la askari wa pembeni hulifundisha kwa jina lake mwenyewe.

Mwamuzi alipeleka pendekezo, likapitishwa: mchezaji haruhusiwi kuketi kiti cha mpinzani.

Inspekta alistaafu. Sajini alipandishwa cheo na kuhamishiwa kitengo cha barabarani.

Mke wa Kobe alikiri kosa la kumnywesha mtu dawa bila ridhaa yake, akafungwa miaka miwili, akatoka baada ya mwaka na miezi kadhaa. Wembe alikwenda gerezani kumwona mara moja, akakataliwa. Mke wa Kobe alipotoka hakurudi kwa mumewe. Anaishi kwa mdogo wake wa kike, anafuma sweta za wanafunzi, na analala bila dawa. Kobe humtembelea Alhamisi. Hukaa kibarazani, wakazungumza habari za binti yao na za lile shamba ambalo bado halijauzwa. Wembe hatajwi. Jua likishuka Kobe huaga, na mkewe humsindikiza mpaka getini.